Chui, Chatu na Mamba: Wanyama wa Winam na Maji Yao

Anayeshuka matatu Mamboleo alfajiri hukutana kwanza na maji. Yamo kwenye mitungi ya manjano iliyopangwa juu ya mkokoteni, vifuniko vimekazwa kwa vipande vya nailoni, na mwenye mkokoteni anainama mbele akiusukuma kuelekea vibanda vya chai na mandazi. Mamboleo ni njia panda. Barabara moja inapanda kwenda Kiboswa na Kakamega, nyingine inakata kuelekea Kibos, Miwani na Chemelil. Nyuma yake vimesimama vilima vya Kajulu. Mbele, siku isiyo na ukungu, ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria inametameta. Hapa ndipo penye uwanja wa maonyesho ya kilimo, na uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta ambao Kisumu ilikaribishia sherehe za Madaraka mwaka 2021. Jina lenyewe linatangaza mambo ya leo. Hata hivyo mto Kibos, unaoteremka kutoka ukingo wa milima ya Nandi ukiyapita maeneo haya kwenda ziwani, ni mkongwe kuliko kila kitu kilichojengwa hapa. Historia ya wanyama wakali wa Kisumu haisimuliki bila mto huo, mito wenzake, na ziwa linaloipokea.

Wanyama hao walikuwa majirani wa watu wa hapa zamani kabla ya reli. Kwa Dholuo kila mmoja ana jina lake, na majina hayo yangali vinywani: chui ni kwach, simba ni sibuor, kiboko ni rao, mamba ni nyang'. Ondiek, yaani fisi, ni jina ambalo mwalimu wa Kisumu huliita darasani bila mtoto yeyote kushtuka. Katika picha zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wa Kijaluo wamevaa vilemba vya manyoya ya mbuni vilivyochomekwa meno ya kiboko yaliyopinda kama mwezi mchanga. Mavazi ya namna hiyo hayakupatikana kwa urahisi. Kiboko huua, na aliyelivaa jino lake alikuwa amebeba kichwani habari ya siku moja ya hatari majini.

Reli ilifika tarehe 20 Desemba 1901. Mahali ambapo watu walikuwa wakibadilishana nafaka, samaki na mifugo pakaitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa mataruma. Jina hilo halikudumu, Kisumu likarudi. Meli zilizoletwa vipande vipande kutoka Uingereza ziliunganishwa ufuoni, na mji ukawa mlango wa Uganda.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya reli kufika, jambo jingine lilikuwa limetokea mbali na hapa, na ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi. Tarehe 19 Mei 1900, wawakilishi wa dola za Ulaya zilizokuwa zimegawana Afrika walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa bara hili. Ulikuwa mkataba wa kwanza wa aina yake, na ndani yake mlikuwa na orodha. Twiga na wengine wachache waliwekwa upande wa wasioguswa. Wengine waliruhusiwa kuwindwa kwa kiasi. Kisha ikaja orodha ya wanyama walioitwa wadhuru, ambao idadi yao ilitakiwa ipunguzwe: simba, chui, fisi, mbwa mwitu, fisimaji, nyani, ndege wakubwa wawindao, mamba, nyoka wenye sumu na chatu. Mayai ya mamba na ya chatu yalitajwa pia, yaharibiwe.

Msomaji anayeijua Winam ataiona haraka shida ya orodha hiyo. Chui, mamba, chatu, fisimaji: karibu nusu yake ni wakazi wa kingo za maji. Mkataba haukuwahi kuanza kutumika rasmi, kwa kuwa nchi nyingi zilizoutia saini hazikuuidhinisha, lakini fikra yake iliingia katika sheria za uwindaji za makoloni. Swala alikuwa na thamani kwa sababu mwindaji mwenye leseni alimtaka. Chui alikuwa adui kwa sababu alimtaka swala yuleyule.

Miongoni mwa maofisa wa Kiingereza walioitawala nyakati hizo Kavirondo, kama wakoloni walivyoiita nchi hii ya kando ya ghuba, alikuwa C. W. Hobley. Alianza Mumias mwaka 1895, kisha makao ya utawala yakahamia Kisumu. Hobley alikuwa mtu wa kudadisi. Aliandika kuhusu mila za watu, kuhusu miamba, kuhusu wanyama, hata kuhusu joka la ziwani ambalo wavuvi walisimulia. Baada ya kustaafu alikuwa katibu wa chama cha kuhifadhi wanyama wa himaya ya Uingereza kuanzia 1923 hadi 1936, chama kilichoanzishwa London mwaka 1903 na ambacho warithi wake wangali kazini leo. Ofisa aliyewahi kukaa kando ya Winam alikuja kuwa sauti kubwa ya uhifadhi duniani. Ila uhifadhi wa siku zile ulikuwa wa wawindaji kuwahifadhia wawindaji. Desemba 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alipita Kisumu kupanda meli kwenda Entebbe. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500 katika safari yao yote ya Afrika, na dunia ikawapigia makofi.

Wakati huohuo, ukingoni mwa ziwa, mdudu mdogo alikuwa akifanya kazi ambayo hakuna mkataba ulioiweza.

Malale yaliingia kwenye fuo za ziwa mwanzoni mwa karne hiyo. Upande wa Uganda na visiwa vyake watu zaidi ya 200,000 walikufa, na upande wa Kavirondo vijiji vya ufuoni vilionja msiba huohuo. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake waliokuwa Entebbe walibainisha kwamba mbung'o ndiye anayesambaza ugonjwa. Gavana Hesketh Bell wa Uganda akaamuru watu waondolewe ufuoni. Walipoondoka, mashamba yakageuka vichaka, na vichaka vikajaa wanyama na mbung'o zaidi. Ni jambo chungu kulisema, lakini ni kweli: sehemu kadhaa za ziwa hili zilibaki na wanyama kwa sababu watu walifukuzwa na maradhi.

Mfano ulio wazi zaidi upo ng'ambo ya ghuba, kusini, katika bonde la Lambwe. Bonde hilo limelala chini ya ukingo wa Kanyamwa, nchi ya Gor Mahia, mganga ambaye watu husimulia kwamba aliweza kujigeuza umbo, na ambaye jina lake leo linapigiwa kelele viwanjani na mashabiki wa soka. Mto Lambwe unapita katikati, nyasi ni ndefu, na mbung'o walikuwa wengi kiasi kwamba wafugaji walilikwepa kwa vizazi. Mwaka 1966 bonde likawa hifadhi, na mwaka 1983 likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita 120 za mraba. Humo wamo korongo wa mwisho wa Kenya. Korongo ni mnyama mkubwa wa jamii ya swala, uso wake mweusi na mweupe kama aliyejipaka chokaa, masikio marefu yenye vishungi nchani. Hawezi kukaa mbali na maji, wala hapendi malisho yaliyokanyagwa na makundi ya ng'ombe. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15 tu nchini kote.

Kumi na watano. Darasa moja la shule ya msingi ya Kisumu lina watoto wengi kuliko hao.

Si wanyama wote waliosalimika kwa kukimbiwa. Nyakach, kusini mwa ghuba, kuna kisa cha chatu aliyependwa. Wenyeji humwita Omieri. Kwa imani ya wengi wa huko, Omieri akitokea ni dalili ya mvua na mavuno, na ni mwiko kumdhuru. Mwaka 1987 chatu aliyepewa jina hilo aliungua katika moto wa nyasi, akapelekwa kutibiwa, akafa, na kifo chake kikawa habari ya taifa zima. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana katika kijiji cha Wasare akiwa na mayai. Watu walimiminika kumtazama, wazee wakasema Omieri amerudi. Maofisa wa wanyamapori wakahofia usalama wa watoto na mifugo. Baadhi ya Wakristo wakaona hiyo ni ibada ya nyoka. Majirani wakabishana kwenye vituo vya matatu.

Anayetaka kuicheka imani hiyo angetazama kwanza ardhi yenyewe. Chatu hupenda mahali penye unyevu, hupoza mwili majini, hujiviringisha kwenye mayai yake kwa wiki kadhaa. Akionekana amenawiri karibu na makazi, basi vijito vingali vinatiririka na panya wa shambani wanapata wa kuwapunguza. Wazee wa Nyakach walikuwa wameunganisha chatu, maji na chakula katika jina moja. Mkataba wa London ulikuwa umemwandika chatu huyo miongoni mwa wa kuangamizwa.

Chui hakupata wa kumwita jina la heshima kama hilo, na ngozi yake ndiyo iliyomponza. Katika miaka ya 1960 makoti ya ngozi ya chui yaligeuka kuwa fasheni ya wanawake matajiri wa Ulaya na Marekani, na mitego ikatapakaa Afrika Mashariki nzima. Hatimaye mwaka 1975 mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini ulianza kufanya kazi, chui akiwa katika kundi linalolindwa kwa ukali kuliko yote. Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya ngozi, pembe na vinyago vya nyara. Katika miaka isiyofika 80 mnyama yuleyule alikuwa ametoka kwenye orodha ya maadui na kuingia kwenye orodha ya wanaolindwa.

Kisumu nayo ikachukua zamu yake. Mwaka 1986 kisiwa cha Ndere, kilomita 4.2 za mraba ndani ya Winam, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Swala pala walipelekwa huko, na mamba wakabaki wenyeji wa fukwe zake. Kisha mwaka 1992, ukingoni mwa mji wenyewe, ikafunguliwa hifadhi ndogo ya swala pala, isiyofika hata nusu kilomita ya mraba. Kundi la mwisho la swala pala wa eneo hilo lilikuwa limebanwa kati ya nyumba na maji. Shirika la wanyamapori, KWS, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka michache tu, likalipa kundi hilo ua. Palikuwa na sababu ya pili isiyotajwa sana: kumpatia kimbilio nzohe, swala wa matopeni. Na palikuwa na ya tatu: kupata mahali pa kuwaweka wanyama waliokamatwa baada ya kugombana na watu.

Ndiyo maana mtoto wa Kisumu anayepelekwa huko na shule humwona chui kupitia wavu. Amejilaza kivulini, mkia unacheza taratibu, madoa ubavuni yamepangwa kama maua yenye tundu katikati. Nyuma yake, kati ya miti, ziwa linaonekana. Swala pala wanapita nje ya wavu wakila nyasi, mistari mitatu myeusi nyuma ya kila mmoja, vishungi vyeusi juu ya kwato za nyuma. Kati ya mlaji na mlo wake upo waya tu. Mahali pengine popote mpangilio huo ungekuwa kichekesho. Katika mji unaokua kwa kasi ya Kisumu, ndio ulioepusha mauaji.

Usiku mpangilio hubadilika. Viboko hupanda kutoka ziwani kuja kula nyasi, na hakuna anayewauliza tiketi. Kiboko mmoja hula kilo 40 hivi kwa usiku, kisha hurudi majini na kuyarutubisha kwa kinyesi chake, samaki wakapata chakula. Anayeishi Dunga, ufuoni mwa mji, hujua kwamba saa za giza njia ya ufuoni ni ya rao.

Lakini ukingo wa maji haukai mahali pamoja. Mvua kubwa za 1961, ambazo Wakenya waliziita mvua za Uhuru, zilianzisha kupanda kwa ziwa kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Mwaka 2006 ziwa lilishuka mpaka kiwango kilichokuwa hakijaonekana kwa takriban miaka 80, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu mabwawa ya umeme ya Jinja yalikuwa yakifungulia maji mengi kuliko kawaida. Mafunjo yalikauka mizizi, wavuvi wakavuta mashua juu ya matope. Miaka 14 baadaye mambo yakageuka. Mei 2020 ziwa lilivunja rekodi zote zilizowahi kupimwa. Maji yakaingia kwenye migahawa ya samaki, yakafunika bustani, yakameza sehemu ya chini ya hifadhi ya swala pala. Mnyama aliyekuwa na chini ya nusu kilomita ya mraba akabaki na pungufu zaidi.

Katikati ya hayo kulikuwa na gugumaji, mmea kutoka Amerika Kusini wenye ua zuri la zambarau. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika karibu hekta 17,000 za Winam na sehemu jirani za Kenya. Meli zilinasa bandarini Kisumu. Fukusi wadogo walioletwa makusudi walisaidia kulipunguza, ila halikuisha, kwa sababu linalishwa na mito: mbolea za mashamba, maji machafu ya mji, udongo mwekundu kutoka milima iliyokatwa misitu. Kibos ni mmojawapo.

Na Kibos inafungua mlango wa habari nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwapa Wahindi mashamba hapo, jirani na Mamboleo ya leo. Wakalima miwa na mazao mengine kando ya mto, na mwaka 1922 kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kikajengwa Miwani, barabara hiyohiyo. Wengi wa familia hizo walikuwa wametoka Punjab na Gujarat. Walikuja kutoka bara la simbamarara, paka mkubwa kuliko wote, ambaye hakuwahi kuishi porini Afrika na ambaye Kiswahili kilimuumbia jina kwa kuunganisha simba na marara.

India ilikuwa na kesi ileile, kubwa zaidi. Watawala walimwinda simbamarara kwa fahari mpaka akakaribia kwisha. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa kumwokoa katika hifadhi tisa. Hesabu iliyofanywa kwa njia za kisasa mwaka 2006 ilipata 1,411 tu. Ya mwaka 2022 ikakadiria 3,682. Ulinzi dhidi ya majangili ulifanya kazi yake, lakini walinzi wa misitu ya India huzungumzia pia kitu kingine kila kiangazi: maji. Simbamarara hunywa, huoga, hujilaza kidimbwini mchana kutwa joto likizidi. Vidimbwi vikikauka, paa na nguruwe huhama kuelekea mashambani, naye huwafuata, na hapo ndipo anapokutana na mtu. Kwa hiyo katika hifadhi nyingi huchimbwa madimbwi na kujazwa kwa magari ya maji au pampu za nguvu za jua. Kazi hiyo inataka busara. Dimbwi likiwekwa ovyo hukusanya wanyama mahali pamoja, nyasi zikaisha, magonjwa yakaenea. Linalodumu ni kulinda chemchemi na vijito vyenyewe huko vinakotoka.

Kisumu haijawahi kuwapelekea chui wake maji kwa magari porini. Hitaji lake ni jingine: maji ni mengi, ila yanachafuka, na kingo zake zinauzwa. Hilo ndilo linalopaswa kuwekwa mbele kila uhifadhi wa mji huu unapojadiliwa, kabla ya wavu na kabla ya tiketi. Kajulu, ambako mji huchota sehemu ya maji yake ya kunywa kutoka Kibos, ni juu ya Mamboleo tu. Mwenye mkokoteni wa mitungi, samaki wa Winam na nzohe wa Dunga wote wako mteremko mmoja.

Nzohe huyo ni vigumu kumwona. Kwato zake ni ndefu, zimepanuka kama vidole vilivyofunguliwa, zisizame kwenye matope. Rangi yake ni ya mafunjo makavu. Dunga ina mafunjo ambayo wanawake hukata kusuka mikeka na vikapu, ambayo ndege wasioishi penginepo hujenga ndani yake, na ambayo huchuja maji ya mito kabla hayajafika kwenye nyavu za wavuvi. Panga likisikika karibu, nzohe hakimbii mbali. Huingia majini taratibu, akazama mwili mzima, akaacha pua tu juu, katikati ya mabua, mpaka mkataji atakapofunga mzigo wake na kuondoka.